Matanga ya Kompyuta ya Yordani

Pale Kwamndolwa, pembeni mwa mji wa Korogwe, kuna saluni ya kiume yenye bango linalosema "Yordani Kinyozi wa Kimataifa". Umataifa wenyewe ulipatikana siku moja tu, dereva wa lori kutoka Kenya alipopata pancha mbele ya mlango, akaingia kunyoa ndevu wakati tairi likizibwa. Alinyolewa, akashukuru, akaenda zake. Tangu siku hiyo Yordani Hiza ni wa kimataifa, na asiyeafiki, vinyozi wengine wapo.

Si kwamba ni mtu mbaya, hasha. Mkono wake ni mwepesi, wembe wake ni mpya kwa kila mteja, na akikuchonga ndevu unatoka pale ukijiona bwana harusi. Ana kasoro moja tu: kitu akikipenda, hawezi kukipenda akiwa mtu wa kawaida. Alipojiunga na kwaya alitaka uenyekiti kabla hajajua anaimba sauti ya ngapi. Alipofuga kuku wawili alijiita mfugaji, akaanza kuwapa ushauri watu wenye mabanda. Na zile rasta zake fupi, zilizopakwa rangi ya dhahabu nchani, alizitunza kuliko alivyoitunza afya yake, kwa sababu kinyozi mkubwa, kwa maelezo yake mwenyewe, hanyolewi na mtu.

Basi, katika vitu alivyovipenda, likaja gemu. Wasiolijua nitawaeleza upesi. Watu mia wanashuka kwa parachuti kwenye kisiwa, mikono mitupu. Wakitua wanakimbilia kwenye majumba kuokota bunduki, kofia za chuma na dawa, halafu wanaanza kuwindana, huku duara la usalama likizidi kusinyaa, na aliye nje ya duara anakufa polepole. Kikosi kitakachobaki mwisho ndicho kilichoshinda. Zawadi yake ni maandishi makubwa ya njano kwenye kioo. Watu wazima, wenye familia na madeni ya vikoba, wanaacha ugali upoe kwa ajili ya maandishi hayo.

Kikosi cha Yordani kilikuwa cha watu wanne, wote wakitumia simu. Wa kwanza ni yeye, kamanda, aliyejiteua. Wa pili ni Simeo, mwalimu wa hesabu kule Hale, ambaye akishatua hulala kwenye nyasi hadi mwisho wa vita na kudai kwamba huo ni mkakati. Wa tatu ni Abdulaziz, muuza spea za pikipiki wa kibanda kinachopakana na saluni. Huyu nimweleze kidogo, maana ndiye atakayetuletea fujo. Babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja Korogwe kukata mkonge, na Yordani ni Mzigua wa Handeni, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara. Maana yake ni kwamba Abdulaziz ana ruhusa ya kumwambia Yordani lolote, mbele ya yeyote, na Yordani hana ruhusa ya kununa. Akiweza arudishe, asipoweza acheke.

Wa nne alikuwa Getruda, mdogo wake Yordani, wa tumbo moja. Yeye ameolewa Handeni na fundi bomba mmoja mpole anayeitwa Kibwana, na anauza mbegu na dawa za mifugo. Akimaliza kumweleza Mmasai kipimo cha dawa ya kupe, anainama chini ya kaunta na kurudi vitani. Miaka ya ndoa ilikuwa imeshakuwa mingi na nyumba haikuwa na mtoto, na jambo hilo halikuzungumzwa na mtu mbele yake.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye uzito. Tangu mama yao azikwe, ndugu hawa wawili walikuwa hawawezi kuongea kwa simu kama watu. Wakipigiana, salamu zinaisha, inafika zamu ya kumtaja mama, wote wanakwama. Lakini kwenye gemu, mikono ikiwa na shughuli na macho yakiwa kwenye kichaka, mdomo ulifunguka wenyewe. Humo ndimo Getruda alimweleza kaka yake kuhusu mawifi zake, mahindi yaliyokauka, na ndoto alizomwota mama. Na kila wakitua, kabla hajaokota hata kofia, alikuwa anauliza kitu kimoja: "Kaka, upo?" Naye Yordani anajibu, "Nipo nyuma yako." Korogwe na Handeni si mbali hata kidogo, mtu angeweza kwenda na kurudi akala chakula cha jioni kwake, lakini Yordani hakuwa na nafasi. Undugu wote ulikuwa umehamia kwenye kile kisiwa, na kama kikosi kingevunjika ungebaki hauna pa kukaa.

Kingevunjika vipi, wakati watu wanapendana? Mwachie Yordani.

Siku moja aliuawa na mtu ambaye hakumwona hata kivuli. Akachunguza, akaambiwa na watu wa mitandaoni kwamba aliyemuua anatumia kompyuta, na siku hizi gemu limewachanganya wote: wa simu, wa kompyuta, na wale wa mashine za kuchomeka kwenye televisheni. Wa kompyuta anaona mbali zaidi, analenga kwa mausi, anageuka haraka. Mwingine angesema, haya, ndiyo dunia. Yordani akatangaza kwamba kipaji chake kimeizidi simu, na kwamba anaunda kompyuta.

Vifaa vilikuja kimoja kimoja kutoka Kariakoo, vikifungwa kama vifurushi vya mabasi. Leo mazabodi, wiki ijayo prosesa, baadaye ramu na feni. Kila kifurushi kilifunguliwa saluni mbele ya wateja, taratibu, kwa maelezo marefu ambayo hakuna aliyeyaomba. Kasha alilitengenezesha kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, upande mmoja ukawekwa kioo, ili taa nyekundu, kijani na bluu zionekane kutoka barabarani. Kikabaki kitu kimoja, kadi ya grafiksi, ile inayochora picha zenyewe, na hiyo bei yake haikuwa ya kinyozi, hata wa kimataifa. Yordani akaiuza simu yake kwa Abdulaziz. Akajinunulia kitochi cha vitufe chenye tochi, cha kuongelea na wateja, na akasema mtu mwenye kompyuta kama ile simu ya nini.

Siku ya kuunganisha ilimkuta mzee Jacob kwenye kiti, mstaafu wa reli, mtu wa heshima zake, upande mmoja wa kichwa umekwisha na mwingine bado. Kadi ndiyo ilikuwa imefika. Yordani akamwambia mzee samahani kidogo, akaweka mashine ya kunyolea chini, akapanga vyuma kwenye benchi. Maelekezo aliyafuata kwenye video, na video aliitazama kwenye simu ya kuazima kwa Abdulaziz, yaani simu yake mwenyewe ya jana. Mzee Jacob alisubiri, akasinzia, akaamka, akachukua kofia yake na kwenda nyumbani nusu kipara nusu mtu. Jioni kompyuta iliwaka, feni zikavuma, taa zikacheza, na watu wakasimama barabarani kushangaa. Mkewe mzee Jacob naye alishangaa, lakini kwa sababu nyingine.

Swali likawa ikae wapi. Nyumbani? Akili ya Yordani ilikataa katakata, maana mtu hawezi kujitesa hivyo halafu kitu kionwe na mende. Aliiweka saluni, chini kabisa, kando ya kiti cha kunyolea, feni zake zikitazama palepale nywele zinapoangukia. Abdulaziz alisimama mlangoni akaiangalia, akasema hiyo itakula nywele za wateja hadi ivimbiwe ife. Watu walicheka sana. Yordani naye alicheka, akamrudishia kwamba bora kufa kwa nywele kuliko Wanyamwezi wanaokufa kwa uchoyo, na hapo ukawa mwisho wa ushauri wa kitaalamu. Angeambiwa na mtu baki angehamisha kasha siku ileile, lakini ya mtani nani anayaweka moyoni?

Kikosi kikarudi vitani, watatu kwa simu na kamanda kwa kompyuta. Lakini waliolitengeneza gemu hilo waliweka sheria yao: mmoja wenu akiwa na kompyuta, kikosi kizima kinapelekwa kwenye uwanja wa watu wa kompyuta. Yordani hakuisoma sheria hiyo, kwa kuwa wakubwa hawasomi masharti. Basi wale watatu wakajikuta katikati ya majitu yanayolenga kwa mausi. Simeo aliuawa kwenye nyasi zake, ambazo kwa mtu wa kompyuta zilikuwa fupi kama za uwanja wa mpira. Abdulaziz alikufa akiwa bado anafungua parachuti. Getruda alikufa akiuliza, "Kaka, upo?"

Walimweleza. Walimweleza kwa upole, kisha kwa ukali, kwamba hiyo kompyuta ndiyo inayowapeleka machinjioni, na kwamba ingekuwa vizuri akaazima simu hata mara mojamoja wacheze kama zamani. Unadhani alisikia? Alisema tatizo ni uzembe. Alisema yeye amepanda daraja na wao hawataki kupanda. Akaanza kuwafundisha, na mwalimu Simeo wa watu, mwenye shahada yake, akafundishwa namna ya kukimbia.

Halafu akagundua nyayo. Kwenye kompyuta, ukivaa hedifoni nzuri, unasikia nyayo za adui akipanda ngazi za nyumba ya pili. Ila huwezi kuzisikia kama mtu anakusimulia habari za mawifi zake. Kuna kitufe cha kuzima sauti za wenzako, mmoja mmoja. Yordani aliwazima wote watatu, hakumwambia mtu, na maiki yake akaiacha wazi. Wao walimsikia akiamrisha, yeye hakuwasikia. Kwa Yordani huo ndio uongozi.

Ikaja Jumamosi moja mchana, jua kali, wateja hakuna. Abdulaziz na Simeo walikufa mapema kama kawaida yao mpya. Wakabaki yeye na Getruda, wamejificha ndani ya nyumba moja ya kilimani, kwenye kisiwa. Kando ya jina la Getruda ile alama ndogo ya spika ikaanza kuwaka, kuonyesha kwamba anaongea. Ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Yule askari wake alikuwa amesimama wima katikati ya chumba, hatembei, hatazami dirishani. Yordani akamkagua kwa macho ya kamanda, akakata shauri kwamba risasi zimemwishia na anaona haya kuomba. Akafungua begi lake, akamtupia risasi miguuni, rundo zima, na kisanduku cha dawa juu yake. Alijiona mkarimu kupindukia. Akasema kwenye maiki, "Chukua hizo, twende," akaruka dirisha. Spika iliwaka mara moja nyuma yake, ikazima. Getruda hakuokota kitu. Alibaki amesimama palepale mpaka duara likamla.

Tangu siku hiyo hakurudi kwenye kikosi. Yordani alimpigia mara moja kwa kile kitochi, salamu zikaisha, wakakwama penye kukwama kwao. Akamuuliza mbona haonekani uwanjani. Getruda akasema, "Nilishakwambia, kaka," akasubiri. Yordani akadhani anazungumzia yale malalamiko ya kuchinjwa na watu wa kompyuta, akamwambia haya, ukiwa tayari utarudi. Getruda akasema sawa. Simu ikakatwa na kila mmoja akaamini mwenzake ndiye mwenye moyo mgumu.

Simeo naye akaaga, eti ana mitihani ya kusahihisha, akaisahihisha miezi. Abdulaziz akaacha bila kuaga. Yordani hakujali, au alisema hajali, na akajiunga na watu asiowajua: mmoja anaongea lugha kama anakoroma, mwingine mtoto fulani wa mbali anayetumia mashine ya televisheni, wa tatu hasemi kitu. Na ajabu ni kwamba walishinda. Nisimpunje, alicheza vizuri siku ile, alipiga shabaha za kweli, na maandishi ya njano yakajaa kioo kizima. Aliruka kutoka kitini, akavua hedifoni, akageuka. Saluni ilikuwa na mzee Jacob peke yake, amesinzia kwenye benchi akisubiri zamu. Yordani akamtikisa, akamwambia, "Mzee, nimeshinda!" Mzee Jacob akafumbua jicho moja, akauliza ameshinda nini, kesi?

Akatoa kitochi apige simu mahali. Akapita majina yote hadi mwisho, akarudi juu, akakirudisha mfukoni. Roho ilimuuma, na alijua inamuuma, lakini mtu aliyekwisha kujiita kamanda mbele ya mtaa mzima anaanzaje kuomba radhi? Alivaa hedifoni akaanza vita nyingine.

Kompyuta ilikufa msimu wa joto. Ilianza kwa kuvuma kupita kiasi, ikafuata kuzimika yenyewe, na siku ya mwisho ilitoa mlio mmoja mkavu, saluni ikanuka nywele zilizoungua. Yordani aliipakata hadi mjini kwa fundi. Fundi alifungua kile kioo, akaingiza vidole na kuanza kuvuta. Zikatoka nywele za Kwamndolwa nzima: za harusi, za ubatizo, za Idi, mvi za mzee Jacob, zote zimeshikamana na poda na mafuta ya kupaka shingoni. Akauliza kama ameletewa kompyuta au godoro. Kadi ya grafiksi ilikuwa imeungua kabisa na haikuwa na dawa.

Habari ilimfikia Abdulaziz kabla Yordani hajashuka kwenye bodaboda. Na hapo, ndugu zangu, mtani akapata haki yake. Kwenye msiba wa Mzigua, mtani wake ndiye mwenye uwanja: atamwigiza marehemu, atazuia jeneza, atadai sigara na chai, na mfiwa atamvumilia. Abdulaziz akasema marehemu alikuwa Mzigua, maana aliishi kwa Mzigua na kula nywele za Wazigua, na hawezi kuachwa bila matanga. Akaandika tangazo la kifo, akalisambaza kwa simu hadi Hale na Handeni: kwa masikitiko makubwa, baada ya kuugua kwa muda mfupi, kompyuta mpendwa ya Yordani Hiza, mazishi Jumapili alasiri, nyote mnakaribishwa, mje na sukari.

Yordani alitaka kufunga saluni akimbie. Lakini angekimbilia wapi, na sheria ya utani inajulikana? Jumapili turubai likafungwa, viti vya plastiki vikaazimwa, sufuria la chai likabandikwa. Kasha liliwekwa kwenye meza, limefunikwa kanga, hedifoni juu yake mahali pa shada. Simeo alitoka Hale amevaa suti. Akinamama wa mtaani walikuja na vilio vya kuazima, wakalia vizuri kuliko kwenye misiba ya kweli. Abdulaziz akaingia amejizungushia taa za Krismasi mwili mzima, akavuma kama feni, akakohoa nywele, akaanguka akafa. Watu walishika mbavu. Kisha akafufuka, akavaa ile hedifoni, akawa Yordani. Akawaomba watu wamwite. Wakamwita jina lake, wakamwita baba, wakamwita kiziwi, naye anatazama mbele tu na kupaza sauti, "Songeni, wazembe nyie!" Yordani alicheka na wengine. Kicheko kilianza vizuri kikamfia mdomoni, kwa sababu alishangaa kidogo: huyu alijuaje kwamba nilikuwa siwasikii?

Alijua siku nyingi. Alikwisha kumtukania rasta zake kwenye gemu, kwa makusudi, akakuta kimya, na mtu anayenyamaza akitukanwa rasta zake ni mtu asiyesikia. Ila hilo Yordani aliambiwa baadaye.

Likaja la mwisho. Mfiwa lazima anyolewe, ndivyo matanga yanavyokwisha. Yordani alipinga kwa dhati hapo, alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema mengine yote sawa lakini siyo rasta. Wakamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, wakamfunga shuka lake mwenyewe, na Abdulaziz akawasha mashine. Rasta za dhahabu zikaanza kuanguka pale chini, zilipoangukia za wengine wote. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha na wa kushoto bado, ndipo bajaji iliposimama nje.

Aliyeshuka alikuwa Getruda. Alishuka taratibu, mkono mmoja kiunoni, kanga imefungwa juu ya tumbo kubwa ambalo halikuhitaji maelezo. Kicheko kikakatika. Akinamama walimpokea mkoba, wakamvutia kiti, wakamuuliza safari, na Yordani akiwa na nusu kichwa akaona kitu kimoja waziwazi: hakuna aliyeshangaa ila yeye. Habari za tumbo zilikuwa zimeshafika kutoka Handeni, na kila mtu alidhani kaka ndiye aliyetangulia kujua.

Alisimama na lile shuka shingoni.

"Getruda," akasema, "mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, kaka," Getruda akajibu, wala hakupandisha sauti. "Nilikwambia nina mimba, ukanitupia risasi."

Mtu mmoja huko nyuma akaanza kucheka akidhani ni sehemu ya utani, akanyamazishwa. Yordani akakiona kile chumba cha kilimani, askari amesimama, spika inawaka na kuzima. Mimba ikiwa changa haitangazwi. Huambiwa mama, na wao hawakuwa na mama. Na kwa Wazigua mjomba si mgeni mwalikwa wa kula pilau; mtoto ni wake kabla hajawa wa mtu mwingine. Getruda, baada ya miaka yote ile, alikuwa amemwambia mtu wa kwanza anayestahili kuambiwa, mahali pekee walipoweza kuongea, na mtu huyo akaruka dirisha. Abdulaziz, aliyekuwa amekufa siku ile na kubaki akiwatazama kama wafu wa gemu wanavyotazama, aliyasikia yote. Akayanyamazia, kwa sababu habari kama ile haipelekwi na mtu baki, hata awe mtani. Alichoweza ni kutafuta msiba wa kuwakutanisha.

"Sikukusikia," Yordani akasema. "Nilikuwa nimewazima."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Machozi yalimtoka mbele ya mtaa mzima, na hakuyafuta. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Getruda alimwangalia hadi alipotosheka. Akamsogelea, akachukua ile mashine mkononi kwa Abdulaziz, akamwambia kaka yake akae, ngoja amalizie yeye. Akamnyoa ule upande wa kushoto, yeye muuza dawa za kupe, ambaye hajawahi kunyoa hata mbuzi. Alimwachia mabaka na mistari, na sikio alilikwaruza, na kinyozi wa kimataifa alitulia kimya kama mteja.

Mwishowe ukagawanywa urithi. Simeo alipewa mausi. Mzee Jacob alipewa kile kioo, akasema atatengenezea dirisha la banda. Mfiwa alipewa simu, ileile yake, na Abdulaziz akasema bei watazungumza mbele ya safari, akifa mmoja wao. Yordani alipoifungua alikuta jina lake la gemu limebadilishwa. Sasa anaitwa Kiziwi wa Kwamndolwa, na kulibadilisha tena kunalipiwa. Hajalilipia hadi leo.

Kikosi kilirudi kuwa cha watu wanne wa simu, na Simeo amerudi kwenye nyasi zake. Lakini siku ya kumnyoa mtoto nywele za kuzaliwa Yordani hakuwa vitani. Alikuwa Handeni, kwenye ua wa Kibwana, amekaa kwenye kigoda na kichanga cha kiume mapajani, maji ya uvuguvugu pembeni na wembe mpya mkononi. Mkono ule uliosifika hadi Kenya ulikuwa unapima wembe hewani, haujagusa hata unywele. Mfukoni simu ilianza kulia: Abdulaziz na Simeo walikuwa wameshatua kisiwani, wanamtafuta kamanda. Akaitoa, akaizima sauti, akaiweka chini kifudifudi. Safari hii aliwazima waliostahili.

Getruda alikuwa ndani anajikanda kwa maji ya moto, kama wazazi wapya wanavyofanya. Aliposikia ua umekuwa kimya mno, akaita kupitia dirishani, "Kaka, upo?"

"Nipo," Yordani akasema, na akaanza kunyoa.